Horohoro hadi Kombani: dozi isiyovuka mpaka

Kaskazi ikishika, mvuvi wa Kojani, Pemba, haulizwi kama ataondoka; anaulizwa safari hii anaelekea wapi. Wapo wanaoshuka Mafia na Kilwa, wapo wanaopanda juu: Moa, Vanga, Shimoni, Malindi, wengine hadi Kipini kwenye mlango wa Mto Tana. Wanapiga kambi ufukweni, wanavua, wanakausha, wanauza, na wengine wanaoa hukohuko. Ndiyo kwenda dago, na watu walikwenda dago kabla Mwingereza na Mjerumani hawajagawana pwani hii mwaka 1886. Mpaka waliukuta njiani wakauzoea.

Nilikutana Tanga na mmoja ambaye hakuondoka. Ni mzaliwa wa Kojani, miaka 26, na makazi yake sasa ni Sahare, mtaa wa wavuvi pembezoni mwa jiji. Tulikaa kivulini nje ya kliniki ya methadoni katika Hospitali ya Bombo, yeye akiwa ameshakunywa dozi yake ya asubuhi na mimi nikisubiri kuzungumza na wauguzi. Viganja vyake vimechanwa na mshipi na chumvi. Kwenye mkono wa kushoto, ndani ya kiwiko, kuna mstari mweusi wa makovu ya sindano ambao hakujaribu kuuficha. Nilimuuliza mbona wenzake wameshatweka matanga na yeye yupo.

“Kaka, mimi nimefungwa kamba,” alisema. “Kamba yenyewe nzuri, imenitoa kaburini. Ila urefu wake siku moja. Nikifika Vanga imeshakwisha.”

Kuielewa kauli hiyo inabidi mtu asimame kwanza dirishani aone kinachofanyika. Mgonjwa anafika, anataja jina na namba yake, sista analinganisha uso wake na picha iliyo kwenye jalada. Dawa inapimwa, inachanganywa na maji katika kikombe kidogo cha plastiki, na inanywewa palepale mbele ya macho ya sista. Kisha sista anamsemesha, na mgonjwa lazima ajibu kwa sauti. Wengi hujibu “asante mama” na kuondoka. Maongezi hayo yana kazi: dawa iliyofichwa mdomoni inaweza kutemwa na kuuzwa kijiweni, na dozi aliyoizoea mtu mmoja inaweza kumuua mwingine asiyeizoea. Ndiyo maana dirisha hufunguliwa kila siku, Jumapili na Idi zikiwamo.

Heroini, ambayo mtaani ni unga tu, hukaa mwilini saa chache. Ikiisha nguvu inakuja arosto: miayo, machozi, kamasi, vinyweleo kusimama, tumbo kuharisha, mifupa kuuma mpaka mtu hajui alale vipi. Kijana aliyebwia au kujidunga kwa miaka hatafuti tena starehe. Anaikimbia arosto, na katika kuikimbia ndipo anapobeba sufuria ya mama yake kwenda kuiuza. Methadoni inakaa palepale kwenye ubongo ambapo heroini ilikuwa ikikaa, lakini inaachia polepole, kwa zaidi ya siku nzima. Mtu anakunywa asubuhi, anakwenda kazini, analala, anaamka hatetemeki. Akikosa siku kadhaa mfululizo, mwili unapoteza mazoea yake, na hapo haiwezekani kumrudishia dozi yake kamili kwa mara moja; anashushwa, kisha anapandishwa tena taratibu. Wauguzi wa Bombo waliniambia kwamba katika kipindi hicho cha kupandishwa ndipo wanapowapoteza watu.

Kijana wa Kojani aliwahi kujaribu. Alikwenda na ndugu zake hadi ng'ambo ya mpaka akijua kwamba hana dawa, akijipa moyo kwamba kazi ya bahari itamsahaulisha. Siku ya tatu hakuweza kuvuta hata nyavu. Mtu wa kambini akamwonea huruma, akamletea kete ya unga. “Hakunitakia mabaya,” aliniambia. “Aliniona nateseka.” Ilimchukua muda mrefu kurudi Bombo, na aliporudi alianza upya kama mgeni.

Kilichonishika zaidi ni karatasi aliyoitoa kwenye mfuko wa nailoni. Ilikuwa barua ya safari ile, kutoka kamati ya usimamizi wa ufukwe, ile ambayo wavuvi wa Tanzania na wa Kenya wote huiita BMU. Imegongwa mhuri. Inamtambulisha mwenye barua, chombo alichosafiri nacho na aina ya nyavu, na inawaomba wenzao wa ufukwe atakaofikia wampokee. Wavuvi wanaandikiana hivyo ili mgeni asije na nyavu haramu wala asipotelee kambini bila mtu kumjua. Nyavu zake zilikuwa na barua. Dawa inayomweka hai haikuwa nayo.

Nikaamua kuifuata ile njia iliyomshinda, kutoka dirisha la Bombo hadi dirisha la kliniki ya Kombani, Kwale, Kenya, nione ushirikiano wa nchi zetu dhidi ya dawa za kulevya unafananaje ukiutazama kutoka barabarani.

*

Barabara ya Tanga kwenda mpakani Horohoro ni ya lami na haichukui muda. Mkonge, minazi, mikorosho, kisha vijiji vya Mkinga ambako Kidigo kinasikika madukani sawasawa na kinavyosikika Kwale. Upande wa kulia, nyuma ya mikoko, ipo bahari. Huioni, lakini habari yote ya unga imeingilia huko.

Kasumba hulimwa Afghanistan, ikageuzwa heroini, ikapelekwa hadi pwani ya Makran inayogawanywa na Iran na Pakistan. Huko hupakiwa majahazi. Jahazi halilazimiki kutia nanga Mombasa wala Dar es Salaam. Linasimama mbali baharini, boti ndogo zinakwenda kupokea, na mzigo unashukia kwenye mamia ya vijito na fukwe kati ya Lamu na kaskazini ya Msumbiji. Sehemu kubwa ni ya kupita, inaelekea Afrika Kusini na Ulaya. Kwa muda mrefu viongozi wetu walijifariji kwa neno hilo, kwamba sisi ni njia tu. Lakini mzigo haupiti mahali bila kumwagika. Wapo wabebaji, walinzi, madereva, wenye boti, na baadhi yao hulipwa kwa unga wenyewe badala ya fedha. Aliyelipwa unga lazima atafute wa kumuuzia, na wa karibu kabisa ni kijana wa ufukweni asiye na kazi.

Kwa upande wa mzigo, ushirikiano upo na umefanya kazi ya kuonekana. Itifaki ya Afrika Mashariki ya kupambana na usafirishaji wa dawa za kulevya ilitiwa saini Arusha Januari 2001, siku chache kabla Jumuiya yenyewe haijazinduliwa rasmi. Wakuu wa polisi wa ukanda huu wana chombo chao, EAPCCO, tangu 1998. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, Darwin, iliyokuwa katika kikosi cha pamoja cha mataifa mengi, ilikamata jahazi nje ya pwani yetu likiwa na kilo 1,032 za heroini. Ndugu wawili wa ukoo wa Akasha wa Mombasa walipelekwa Marekani Januari 2017 kwa kesi ya dawa za kulevya, na mahakama ya New York ikamfunga Baktash miaka 25 mwaka 2019 na Ibrahim miaka 23 mwaka uliofuata. Desemba 2023 mamlaka ya Tanzania ya kupambana na dawa za kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa.

Naheshimu kazi hiyo. Kuna maofisa wanaohatarisha maisha yao, na kilo 3,182 zikiingia vijiweni ni misiba ambayo hakuna anayeweza kuihesabu. Lakini tazama namna tunavyopima mafanikio: kilo, meli, miaka ya kifungo. Katika hesabu hiyo kijana haonekani, na asipoonekana kwenye hesabu hapangiwi kitu. Bahari yenyewe imeshaonyesha kwamba kukamata hakutoshi. Taliban walipopiga marufuku kilimo cha kasumba Aprili 2022, mavuno ya mwaka uliofuata yalianguka kwa asilimia 95 kwa hesabu za Umoja wa Mataifa. Njia haikufungwa. Methamfetamini ilikuwa imeshapanda majahazi yaleyale.

*

Horohoro na Lunga Lunga sasa ni kituo cha pamoja. Unagongewa mihuri ya nchi zote mbili ndani ya jengo moja. Ni raha kuona ofisa wa Tanzania na wa Kenya wameketi jirani, wanaulizana habari za watoto. Nje ya jengo, hata hivyo, basi linalotoka Mombasa lilikuwa limesimamishwa na mizigo inashushwa mmoja mmoja. Askari waliingiza mikono kwenye magunia ya viatu vya mitumba, wakagonga matairi ya akiba, wakainua viti vya nyuma. Wanatafuta mirungi.

Hapa ndipo kijana wa mpakani anapopata somo lake la kwanza kuhusu ulevi, na somo lenyewe ni la jiografia. Upande wa Kenya mirungi, ambayo huko huitwa miraa, ni zao la biashara linalotambuliwa na sheria, linalosomesha watoto wa Meru, linauzwa kwenye vibanda vyenye taa za rangi barabara nzima hadi Mombasa. Upande wa Tanzania jani hilohilo ni dawa ya kulevya kisheria. Mashamba yake Same hung'olewa na kuchomwa, na anayekutwa nalo anakwenda mahakamani. Kijana wa Jasini anaona mjomba wake wa Vanga anatafuna barazani mbele za watu, halafu anaona jirani yake wa Mkinga anafungwa kwa kifurushi. Mtu mzima atasema kila nchi ina sheria zake. Mtoto wa miaka 14 anajifunza kwamba ubaya wa kitu unategemea umesimama mita ngapi kutoka kwenye kizuizi, na mwenye kuuza unga atamweleza jambo hilohilo kwa ufasaha zaidi.

Sisemi mirungi na heroini ni kitu kimoja, wala simtetei msafirishaji. Nasema nchi zinazotaka kuzungumza na vijana wake kwa sauti moja zianze kwa kukiri kwamba juu ya jani hili hazina sauti moja. Na wakati mwingine hata ndani ya nchi haipo. Mei 2024 Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka, yale majani madogo ya bei nafuu yanayolimwa Embu, kwa sababu wazazi walikuwa wanalia kwamba watoto wa shule wanatafuna. Rais wa Kenya akasema amri hizo hazina nguvu mbele ya sheria ya taifa, Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha, na malori yakaendelea kushuka pwani. Mkulima wa Embu ana haki ya kula. Mama wa Kisauni, Mombasa, naye ana haki ya kumwona mwanawe analala usiku. Pwani ililichukulia jambo hilo kama suala la watoto, Embu wakalichukulia kama suala la riziki, na hakuna meza iliyowakutanisha kabla ya kukutana mahakamani.

Basi likaruhusiwa. Hawakukuta kitu, au hawakukiona.

*

Kutoka Lunga Lunga nilichukua boda boda hadi Vanga. Kijana aliyenibeba alinionyesha kwa kidole mikoko inapoanzia na kusema, bila kuulizwa, kwamba ng'ambo ile ni kwenu. Maji yakijaa, mtumbwi unakwenda na kurudi Tanzania kabla adhana ya adhuhuri haijaadhiniwa.

Mwalimu wa madrasa aliyenipokea ana shangazi Moa na mke aliyetoka Mkinga. Tuliketi kibarazani, akaagiza kahawa na kaimati. Nilimuuliza kama wanafanya chochote kuzuia vijana wasiingie kwenye unga, nikitarajia kusikia habari za semina. Hakutaja semina.

“Sisi hapa twajuana,” alisema. “Kijana akianza kubadilika, wa kwanza kujua ni mama. Mama atamwambia dadake aliye Moa: mwanangu naona simwelewi, amekuja huko? Na huko wakimwona na watu wasiowajua, simu yaja hapa kabla ya magharibi. Wazee wa BMU nao ni hivyohivyo. Mgeni wa dago akifika, aangaliwa anakaa na nani.”

Aliniambia kuhusu kijana mmoja wa hapo ambaye alianza kwa kuchanganya unga kwenye bangi akiwa darasa la nane. Baba yake alimpeleka Tanzania kwa wajomba ili kumtenga na marafiki. Wazazi wengi wa mpakani hufanya hivyo, na wa upande wa pili nao huwaleta wao huku. Kijana akakuta huko kuna kijiwe vilevile. Wajomba ndio waliogundua, wakamtia kwenye gari wakamrudisha, na mwalimu mwenyewe alimpeleka Kombani kwa mkono wake. “Yule sasa ni fundi wa mashine za boti,” alisema. “Asubuhi aenda kunywa dawa, mchana arudi kazini. Nauli ndiyo inayomuumiza.”

Nilimuuliza kama mkubwa yeyote, wa Nairobi au wa Dodoma, alishawahi kuja kuwauliza wanavyofanya. Akanimiminia kahawa nyingine. Hapana, alisema. Waliokuja waliuliza juu ya boti.

Huku ndiko ninakoona kazi ya kinga ilipo, na ninaisema nikijua kwamba ni kazi ambayo si rahisi kuiwekea mstari kwenye bajeti. Mikutano ya kikanda huzungumzia elimu kwa vijana, mabango na siku za maadhimisho. Hapa kuna mtandao wa mama wakubwa, mama wadogo, wajomba, walimu wa madrasa na wazee wa ufukwe unaovuka mpaka kila siku bila posho, na unamfikia kijana kabla hajaanza kujidunga. Unachokosa ni mahali pa kumpeleka bila hofu. Mama wa Moa akipiga simu polisi, mtoto wa dada yake atafungwa. Akinyamaza, atazama. Kliniki ndiyo njia ya tatu, na mama anahitaji kuwa na uhakika kwamba njia hiyo iko wazi kwa mtoto huyo upande wowote atakaokuwapo.

*

Kombani iko kwenye barabara ya Likoni kwenda Ukunda. Kliniki ya methadoni ya hapo huhudumia watu wa Kwale ambao zamani hawakuwa na pa kwenda zaidi ya kuvuka kivuko.

Miongoni mwa wafanyakazi kuna mzee mmoja aliyekuwa mtumiaji mwenyewe, sasa anazungukia maskani kuwaleta wengine. Alinisimulia yaliyotokea mwisho wa mwaka 2010. Unga ulikauka ghafla pwani ya Kenya. Kulikuwa na msako, wauzaji wakubwa wakajificha, na kete iliyopatikana ikawa ghali na chafu. Kwa ripoti za polisi huo ulikuwa ushindi. Kwa vijana wa Mombasa na Malindi ilikuwa arosto ya mji mzima kwa wakati mmoja, na hospitali hazikuwa na la kuwapa. Watu walikunywa vidonge vya usingizi, pombe, chochote kilichopatikana. Wengine walianza kuchangia sindano kwa sababu kete moja iligawanywa kwa wengi. “Wenzangu nimewazika,” alisema, na hakutaja wangapi.

Februari 2011, wakati Mombasa ikiwa bado katika hali hiyo, Hospitali ya Muhimbili ilifungua Dar es Salaam kliniki ya kwanza ya methadoni Tanzania. Kenya ilifungua yake Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha Malindi Februari 2015, na baadaye Kisauni na hapa Kombani. Zanzibar ilifungua Kidongo Chekundu, na Uganda ikafuata Butabika mwaka 2020. Ukizipanga kliniki hizo kwenye ramani unaona kitu ambacho miaka 20 iliyopita hakikuwapo: njia ya tiba inayokimbia sambamba na njia ya unga, mji kwa mji, kutoka Dar es Salaam hadi Malindi. Dawa ni ileile na dirisha ni lilelile, hata namna sista anavyomsemesha mgonjwa haitofautiani. Kilichobaki ni kuunganisha madirisha hayo.

Daktari wa zamu, mwanamama mwenye sauti ya chini na haraka nyingi, alinipa dakika zake za chai. Nilimweleza habari za mvuvi wa Kojani bila kumtaja. Hakushangaa.

“Huja,” alisema. “Wa Tanga huja, na wangu huenda. Mtu akitoka hapa kwenda Malindi, mimi naandika barua, napiga simu, kesho yake anakunywa huko dozi yake kamili. Akitoka Tanga, aja na mdomo wake tu. Aniambia, daktari, mimi hunywa mia moja na kumi. Mimi nitajuaje? Nikimwamini na si kweli, amelala haamki. Nisipomwamini, ni mgeni: nasihi, vipimo, maandalizi, halafu naanza na kiasi kidogo. Yeye kaja kuvua. Hana wiki za kunisubiri.”

Wakati mwingine, alisema, humtafuta mtu anayemjua upande wa pili, waliyekutana kwenye mafunzo fulani na kubadilishana namba. Mwenzake akiwa zamu, mambo yanakwenda. Akiwa likizo, mgonjwa anarudi alikotoka au anarudi maskani. Nilimuuliza barua ya kutosha kumwamini mgonjwa wa Tanga ingekuwa na nini. Akachukua karatasi akaandika huku anazungumza: jina na picha, kiasi cha dozi, tarehe ya mwisho aliyokunywa mbele ya muuguzi, dawa nyingine anazotumia, hasa za kifua kikuu, kwa sababu rifampisini huivunja methadoni mwilini haraka na mgonjwa huhitaji dozi kubwa zaidi, kwa hiyo daktari asiyejua anaweza kudhani anadanganywa; kisha mgonjwa atakaa hadi lini, na simu ya kliniki, si simu ya mtu. Ukurasa haukujaa. Chini yake akachora mistari miwili, mmoja wa Nairobi na mmoja wa Dodoma, mahali pa sahihi.

Itifaki ya Arusha haihitaji kuandikwa upya kwa ajili ya karatasi hiyo. Wizara mbili za afya zinatosha, zikikubaliana kwamba dozi iliyothibitishwa Tanga inaaminika Kwale na ya Kwale inaaminika Tanga, na kwamba mwenye barua hatakamatwa mpakani kwa kuwa ana jina kwenye orodha ya watumiaji. Hili la pili ni zito kuliko la kwanza. Nimezungumza na vijana kadhaa ambao wangependa kubeba karatasi ya kuwatetea, na wote waliogopa kwamba askari ataisoma kama kukiri kosa. Mihuri ya Horohoro inagongwa ndani ya jengo moja. Maofisa wa pande zote wanaweza kufundishwa siku moja, chumba kimoja, kuitambua barua ya aina moja.

Kabla sijaondoka daktari alinikutanisha na mgonjwa wake mmoja, mwanamke wa makamo ya miaka 30, anayeuza viazi karai Ukunda. Mama yake mzazi alifariki Mkinga. Hakuna Mdigo atakayekosa mazishi ya mamake kwa sababu ya dirisha la hospitali, naye alikwenda, akakaa hadi hitima. Siku ya tatu alianza kuumwa, na kwa kuwa wanawake wa matanga walidhani ni uchungu wa msiba, hakuna aliyemuuliza. Alitapika usiku nyuma ya nyumba ili wasimwone. Bombo haikuwa mbali naye. Alikuwa hajui kama wangempokea, na hakuwa na cha kuwaonyesha. Alipanda gari siku ya tano, akapita njiani maskani mbili anazozijua, akashukia Kombani.

Dozi yake ya kawaida ni miligramu 90. Asubuhi niliyomkuta alikuwa amepewa 45, baada ya kuanzishwa na 30, na mwili ulikuwa bado unamsumbua ikifika alasiri. Daktari alimwambia avumilie. Akija kila siku, wiki inayofuata watampandisha tena.